Mashine ya CPAP na presha ya mapafu, uzoefu wangu hapa Nakuru

Wenye mnauliza kama CPAP, hii mashine ya kulala nayo ya watu ambao koo inajifunga usingizini, inashusha presha ya mapafu, kwangu imeshusha, lakini polepole, na inategemea kama unaivaa usiku kucha ama unaivua saa nane ukichoka nayo.

Wengi wanachanganya hapa. Ile presha ya mkono, 120/80, yangu ilikuwa poa kabisa, na bado nilikuwa nafura miguu jioni, nikipanda kutoka tauni kuelekea Milimani pumzi inaisha. Presha ya mapafu ni kitu ingine, wastani wake kawaida ni kama 14 na ikipita 20 ndio ugonjwa, na huwezi kuiona kwa mashine ya mkono, inataka kipimo kama eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na hata eko inakadiria tu. Yangu ilisoma 48, hiyo ni namba ya juu si wastani. Vile nilielezwa ni kwamba koo ikijifunga usingizini oksijeni inashuka, mishipa ya mapafu ikikosa oksijeni inajikaza, sasa moyo upande wa kulia unalazimika kusukuma damu pale pamebana, usiku baada ya usiku, miaka. Na sisi huku Nakuru tuko juu, zaidi ya mita 1,800, hewa ni nyepesi kuliko Kisumu, kwa hivyo ile oksijeni inashuka zaidi.

Mashine yenyewe inapuliza hewa ya kushikilia koo isijifunge, basi. Shida ni maski. Duka lilinipa kubwa bila kunipima uso, hewa ikawa inavuja pale kando ya pua inaingia jichoni, naamka jicho limekauka kama nililala kwa vumbi. Nilibadilisha nikachukua ya pua peke yake, na mikanda nakaza nikiwa nimelala tayari mashine imewaka, si nikiwa nimeketi, hapo ndio kuvuja kuliisha. Maji ya kisima usiweke kwa kile kikombe cha mashine cha kulainisha hewa, yanaacha weupe, nunua yale yasiyo na chumvi kemisti.

Stima ikipotea mashine inazima, unaamka na maski usoni na hewa hakuna. Nilitafuta betri, na nikiitumia nazima ile hita ya maji sababu ndio inakula chaji sana.

Eko ya juzi imesoma 37, ile ile namba ya juu. Nimefurahi sana kusema ukweli, miguu haifuri na mke wangu analala. Lakini tusidanganyane, kama presha yako imeletwa na damu kuganda, ugonjwa wa moyo upande wa kushoto ama mapafu yaliyoharibiwa na sigara na moshi wa kuni, mashine peke yake haitoshi, na kama umepewa dawa usiziache eti unalala vizuri.

Wa kununua mtumba, angalieni sana. Philips waliita mashine zao nyingi zirudishwe Juni 2021 sababu sponji ya ndani ilikuwa inameguka na unaweza kuivuta, kwa hivyo kabla hujalipa chukua namba ya mashine uicheki kwa tovuti yao, na muuzaji akikataa kukuonyesha hiyo namba achana naye.