Onyo lililokuja baada ya data kupotea

Nimeitumia programu hii ya takwimu kwa miaka kadhaa, na lau ningeulizwa mapema mwaka huu ningeisifu bila kusita. Leo siwezi. Sitaeleza inafanya kazi zipi, maana hayo yameandikwa kila mahali. Nitaeleza jambo moja ililonitendea, ambalo hadi sasa linanichoma.

Nilikuwa na faili lenye mistari maelfu, na ndani yake safuwima ya kiasi cha malipo. Walioingiza data waliandika kiasi kidogo kwa tarakimu tupu, lakini kila kilichofika elfu moja walikitia koma, kama watu wengi waandikavyo: 850 ilibaki 850, ila elfu moja mia mbili na hamsini iliandikwa 1,250. Kwa sababu ya koma hizo, safuwima nzima ilisomwa kuwa maandishi. Nilipoamuru maandishi hayo yageuzwe kuwa namba, yasiyo na koma yaligeuzwa vizuri, na yenye koma yakafutwa, mahali pake pakawekwa alama ya thamani inayokosekana. Programu haikusimama. Ilikokotoa wastani kwa kuziruka thamani zinazokosekana, kama nilivyokuwa nimeiagiza kwa ajili ya mapengo mengine niliyoyajua, ikachora mchoro, ikahifadhi jedwali, na kila kitu kilipokwisha ndipo ikaorodhesha maonyo chini ya skrini.

Ubaya wenyewe ni kwamba thamani hazikupotea ovyo. Zilipotea kubwa zote, na kubwa peke yake. Wastani uliobaki usingeweza kufika elfu moja kwa namna yoyote, na mchoro ulionekana safi kabisa kwa sababu upande wake wote wa kulia ulikuwa umekatwa. Ripoti ikaenda kwa waliotupatia kazi, nao ndio waliogundua.

Niliwaandikia wahudumu wa programu, nikaambatisha faili na kueleza kila hatua. Jibu lilikuwa sentensi moja: onyo lilitolewa, mtumiaji hakulisoma. Hapana salamu, hapana pole, hapana swali. Ni kweli lilitolewa, nami sikatai kwamba kusoma maonyo ni wajibu wangu. Lakini lilikuwa katikati ya maonyo mengine mengi, moja likisema fonti ya mchoro haikupatikana, jingine kwamba kifurushi fulani cha nyongeza kiliundwa kwa toleo tofauti la programu, na mengine yakirudia hayo hayo. Lililohusu data yangu lilisema tu kwamba thamani zinazokosekana zimetokea wakati wa kugeuza. Halikutaja safuwima, wala idadi, wala mstari hata mmoja. Kupotea kwa fonti na kupotea kwa malipo, programu inavitangaza kwa sauti ile ile, halafu wahudumu wake wanamlaumu aliyeshindwa kuvitofautisha!

Wala hili si jambo lisilowezekana. Katika Stata, programu nyingine ya takwimu, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba ikikuta herufi au alama isiyo ya namba hukataa kugeuza na kueleza sababu. Mtumiaji ndiye anayechagua kupuuza koma, au kulazimisha akijua atakachopoteza. R, nayo programu ya takwimu, ina mpangilio wa maonyo ambao ukiwekwa 2, kila onyo huwa kosa na kazi husimama papo hapo. Na hatari yenyewe inajulikana: mwaka 2020 huko Uingereza, visa 15,841 vya korona viliachwa nje ya hesabu za kila siku kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel halibebi zaidi ya mistari 65,536. Mfumo unaopokea sehemu ya data na kuendelea kana kwamba umepokea zote ni mfumo unaodanganya, hata kama hakuna aliyekusudia.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Baadaye nikagundua kwamba programu hii pia ina mpangilio wa kusimamisha kazi penye onyo, umefichwa mbali ndani ya menyu. Niliuwasha, nikairudia kazi ile ile, nayo ikasimama kwenye thamani ya kwanza yenye koma na kunionyesha mstari wake. Nilifurahi kwa dhati, nikafikiria nyota tatu, hata nne. Kisha hasira ikarudi kali zaidi, kwa kuwa waliojua kuitengeneza kinga hiyo ndio walioamua izimwe tangu mwanzo, na ndio walioniandikia sentensi ile moja bila kunitajia kwamba ipo. Natoa nyota mbili, na nitaendelea kuitumia mpaka mradi huu uishe, mpangilio ule ukiwa umewashwa.