115 ilimfikia wifi yangu, ila korongo tulivuka wenyewe

Nilisema nitaandika hii kitambo, kuvuna kukanibana, sasa mpunga uko ndani ngoja niseme. Naongelea namba 115 ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa bure kwa mjamzito, aliyejifungua ndani ya siku 42 na kichanga mpaka siku 28. Walianzia kule Mwanza na Shinyanga, Aprili 2022 Mama Samia akaizindua Dodoma iwe ya nchi nzima. Bango lake nilikuwa naliona zahanati kila nikipeleka mtoto kliniki, nikajua ndo yale yale, mabango.

Sasa sisi tuko Malinyi, Morogoro, ndani kabisa. Machi huku usiulize, barabara inakuwa jaruba. Wifi yangu uchungu ukamshika usiku, zahanati kilomita tisa, boda hakuna hata mmoja aliyepokea simu, akajifungulia ndani mkononi mwa mama. Mtoto mzima analia vizuri tu ila kondo la nyuma halitoki na damu haikati, kanga ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa, mama akanyamaza kabisa na mimi mama yangu akinyamaza naogopa.

Nikakimbia kwenye kichuguu nyuma ya choo maana ndo mtandao unapokamata, nikapiga 115, haikati hela. Kapokea dada mmoja ametulia, ananiuliza kijiji gani, kajifungua saa ngapi, anaongea, amelowesha kanga ngapi, zahanati ya karibu ni ipi. Nikamfokea, "Dada wewe tuma gari, mtu anakufa huku!" Akanijibu, "Dada yangu, gari linatafutwa hapa hapa tukiongea, nijibu tu." Baadaye ndo nikaelewa kwamba yale maswali ndo yanamwonyesha apelekwe kituo gani na nani yuko karibu. Ambulansi ilikuwa imepeleka mgonjwa mwingine Ifakara kwa hiyo akapigiwa dereva jamii, hawa ni watu wa kawaida wenye magari yao waliosaini mkataba. Wa kwetu ana Probox, siku zingine anabeba samaki na abiria.

Probox ikafika korongoni ikagoma, na korongo liko kilomita sita kutoka nyumbani. Hapo 115 ikifanyaje? Tukamgongea jirani mwenye pawatila, kale katrekta kadogo ka mkono, tukatandika godoro kwenye tela, mama kakaa nyuma kampakata kichanga na mimi nimeshika mguu wa wifi asiteleze maana kila tairi ikizama tela linainama upande. Maji ya korongo yalifika kwenye godoro. Ng'ambo tukaona taa za Probox, jamaa kasimama kwenye mvua kavua viatu, saa kumi na robo alfajiri hiyo.

Kituo cha afya wakatoa kondo, wakaweka dripu, kulivyokucha ambulansi ikampeleka Ifakara kuongezewa damu. Daraja la Kilombero tulilipita kama mchezo, nikakumbuka enzi za kivuko, kile kilichopinduka Januari 2016, ungekaa ng'ambo unaangalia maji na mgonjwa wako. Dereva wa Probox nilitaka kumpa elfu tano ya chai akakataa, akanionyesha simu, nesi akishathibitisha kwamba mgonjwa kafika hela inaingia M-Pesa. Iliingia nimesimama naye.

Kwa hapo wananidai sifa, nisiwe mchoyo.

Ila Agosti baba ngiri ikambana. Nikapiga tena 115 kwa mazoea, wakanieleza kwa upole tu kwamba wao ni mama na mtoto. Sawa, lakini mzee wa miaka 68 anajikunja kama kamba nimpigie nani? Tukakodi boda, mshikaki, dereva mbele, baba katikati, kaka kamkumbatia nyuma, elfu thelathini na tano na hapo ni kiangazi vumbi tupu. Njia ile ile gunia la mpunga linalipiwa elfu nane! Mgonjwa ana bei yake huku, boda wanajua huwezi kusema utarudi kesho. Masaa mawili baba anahesabu mashimo kwa kuguna. Alipasuliwa, yupo, anafuga kuku, ila zile kilomita anazisimulia kuliko operesheni yenyewe.

Kwa hiyo wewe mwenye mjamzito nyumbani huku pembezoni, 115 isevu kwenye simu ya kila mtu mpaka ya babu, chaji iwepo, na ujue mapema nani kijijini ana trekta au pawatila. Na mvua zikikukuta umekaribia, bora uhamie kwa ndugu karibu na hospitali au kwenye chigonela, ile nyumba wanayokaa wajawazito kusubiria siku zao. Wifi alikataa kwa sababu ya palizi, leo anaongea mwenyewe kwamba palizi gani ile.

Nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka pale korongoni pawekwe kalavati, najua sio kazi ya watu wa 115 ila nimlalamikie nani mwingine, mwenye pawatila? Huyo mpaka leo ananidai elfu kumi ya dizeli, nauza gunia moja Jumamosi nimpelekee.