Jack Benny au Fred Allen: uanze na nani?

Wachekeshaji hawa wawili wa redio walikulia kwenye majukwaa ya vodevili ya Marekani, yaani maonyesho ya nyimbo, vichekesho na michezo mbalimbali: Benny na fidla yake, Allen akirusha na kudaka mipira. Kwa ukali wa maneno Allen hana mpinzani, na mengi aliyaandika mwenyewe. Benny alitegemea waandishi, ila alijua kunyamaza. Redioni mwaka 1948 mwizi alimtaka atoe pesa au roho. Benny, aliyeigiza bahili, akakaa kimya, watu wakavunjika mbavu, ndipo akajibu kwamba bado anafikiria. Kimya kile, pamoja na uso wake, kilihamia vizuri kwenye televisheni: kipindi chake kilidumu 1950 hadi 1965. Allen televisheni haikumkubali hivyo. Ukisikiliza huku unapika, mchukue Allen. Mkitazama kifamilia, Benny.