Seti ya vitendanishi vya kutambua ayoni za metali: maoni ya mwalimu wa kemia, Moshi

Seti hii inauzwa katika duka moja la vifaa vya maabara mjini Arusha, na shule yetu iliyopo Moshi iliinunua kwa shilingi 95,000 kwa ajili ya wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa vitendo. Ndani ya sanduku mna chupa ndogo 12 za vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, zenye vitonezi, waya wa kupimia rangi ya mwali na karatasi ya maelekezo. Ilisafirishwa kwa basi na hakuna chupa iliyovuja.

Seti ya aina hii naipima kwa swali moja: je, inamwezesha mwanafunzi kutofautisha zinki, alumini na risasi? Shaba haimsumbui mtu, kwa kuwa mashapo yake (chembe ngumu zinazojitenga na myeyusho) katika sodiamu haidroksaidi ni ya buluu, na chuma chenye chaji tatu hutoa mashapo ya rangi ya kutu yanayojulikana kwa kutazama tu. Lakini metali hizo tatu zote hutoa mashapo meupe, na mashapo hayo yote huyeyuka sodiamu haidroksaidi inapozidishwa, hivyo mwanafunzi asiye na kitendanishi kingine hubaki akibahatisha. Kinachomwokoa ni myeyusho wa amonia, kwa sababu amonia ikizidishwa mashapo ya zinki huyeyuka, ilhali ya alumini na ya risasi hubaki.

Hapo ndipo seti ilipotuangusha. Mwanafunzi aliyepewa zinki aliongeza amonia tone baada ya tone mpaka neli ikakaribia kujaa, na weupe ukabaki vilevile. Akaandika alumini, na kwa kile alichokiona hakuwa na kosa. Amonia ni gesi iliyoyeyushwa majini, na chupa ikikaa kwenye joto au ikiwa haikufungwa sawasawa, gesi hutoka na myeyusho hupungua nguvu. Lebo haikuonyesha tarehe ya kutengenezwa wala kiwango cha ukolezi, kwa hiyo mnunuzi hana namna ya kujua anachonunua. Nilipopiga simu, muuzaji alinisikiliza kwa adabu na akatuma chupa nyingine bila malipo, nayo iliyeyusha mashapo ya zinki papo hapo. Ninamshukuru kwa hilo, ingawa tarehe kwenye lebo ingetuepusha na usumbufu wote huo.

Chupa ya potasiamu ayodaidi, kwa upande mwingine, inastahili sifa bila masharti. Matone machache yalitoa mashapo ya manjano yaliyoiva, yakaitenga risasi na alumini pasipo shaka. Tulipoongeza maji na kupasha moto, mashapo yaliyeyuka yakapotea kabisa, na neli ilipoachwa ipoe taratibu, vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu vilianza kushuka vikimetameta. Darasa zima lilisogea mbele kutazama, na sidhani kama kuna aliyesahau jaribio la risasi tangu siku hiyo.

Karatasi ya maelekezo ndiyo sehemu dhaifu zaidi. Inasema sampuli iyeyushwe katika "maji safi", wakati ilipaswa kutaja maji yaliyotoneshwa. Kwa wenzetu wa upande wa Mlima Meru, Arusha, hili si jambo dogo: maji ya huko, yanayojulikana kwa floridi nyingi, yana pia sodiamu na baikaboneti kwa wingi. Baikaboneti hiyo inaweza kuleta weupe kwenye myeyusho wa risasi kabla hujatia kitendanishi chochote, na umanjano wa sodiamu hufunika rangi ya zambarau hafifu ya potasiamu kwenye mwali. Kioo cha buluu cha kobalti, ambacho huzuia umanjano huo, hakimo sandukuni, kinunuliwe pembeni.

Kwa bei hiyo, na baada ya amonia kubadilishwa, ningeinunua tena, mradi muuzaji aijaribu amonia kwa myeyusho wa zinki mbele ya mnunuzi. Sentensi moja ya maelekezo siikubali hata kidogo, nayo ni ile inayoagiza mabaki yote yamwagwe kwenye sinki. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Sisi tunakusanya mabaki yake katika chupa moja yenye lebo, iliyofungiwa kabatini, na nimemwomba muuzaji aifute sentensi hiyo kabla ya kuuza seti nyingine.