Linux Mint kando ya Windows kwenye laptopu ya steshenari: uzoefu wangu, Moshi

Nina steshenari ndogo hapa Moshi mjini, si mbali na soko la Mbuyuni. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua, natengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mashine ninayoitegemea ni ThinkPad T450 niliyoinunua Arusha ikiwa imeshatumika, kwa laki nne na nusu. Ina RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, betri mbili na kibodi tamu ajabu. Kasoro yake ni umri. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tano, wakati Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, tena na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, juu yake. Windows 10 nayo ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile tunayomkumbuka Mwalimu Nyerere. Sisi tuko mapumzikoni, huku mfumo unaagwa.

Fundi wa mtaani akaja na dawa yake ya siku zote: "Dada, tuipigie windo ya 11 kwa njia ya panya, itakubali tu." Nikamwambia hapana. Desemba Wachagga wote wako nyumbani na kila ukoo una kadi ya kuchapishwa. Sikutaka kugundua siku hiyo kwamba njia ya panya imezibwa. Mdogo wangu anayesoma chuo ndiye aliyesema niweke Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, pembeni, Windows ibaki pale pale.

Kuweka kwenyewe hakukuwa na makeke. Nilishusha faili la Mint 22.2 usiku kwa bando la usiku, karibu GB 3, tukaliandika kwenye flashi. Kabla ya hapo nilihamishia kazi zangu zote kwenye diski ya nje, na hili nasisitiza. Tulipunguza eneo la Windows tukiwa ndani ya Windows yenyewe, tukaachia Mint GB 80. Kisha kuwasha upya, kubonyeza F12, kuchagua flashi. Kuna ukurasa mmoja unaokuuliza kama unataka kuiweka kando ya Windows au kufuta diski yote. Huo niliusoma mara tatu, kidole kikiwa mbali na kipanya. Nusu saa haikuisha tukawa tumemaliza. Sasa nikiwasha, inatokea menyu nyeusi yenye sekunde kumi za kuchagua: Mint juu, Windows chini.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni flashi za wateja.

Anayefanya kazi hii anajua. Flashi ya mwanafunzi huzunguka steshenari tano kwa wiki, kila kompyuta inaipa ugonjwa wake. Alikuja binti mmoja saa kumi na moja jioni, siku ya mwisho ya kukusanya ripoti ya field, karibu kulia. "Dada shikamoo, nisaidie jamani, ripoti imekuwa shotikati tupu." Tulipofungua kwenye Windows, kweli, kila folda ina kile kimshale kidogo, na ukibonyeza unamwamsha mdudu. Zamani nilikuwa naandika amri ndefu ya attrib kuvifichua vilivyofichwa, huku nikiomba Mungu mashine yangu isiambukizwe.

Nikazima, nikawasha Mint, nikachomeka flashi hiyohiyo. Mafaili yote yalikuwa wazi. Virusi wa aina hii huhamishia vitu vyako kwenye folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, kisha huipa alama ya "imefichwa", na Windows huiheshimu alama hiyo. Mint ikisoma flashi haijali alama hiyo, inakuonyesha kila kilichomo. Zile shotikati nazo zinabaki mafaili tu yasiyo na kazi, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Nilitoa ripoti yake, nikafuta takataka, nikamprintia. Alilipa kurasa tu, sikumtoza uganga.

Nisidanganye watu, Mint si dawa ya virusi. Faili la Word lenye makro mbaya (amri zilizofichwa ndani yake) litabaki na makro yake, na ukimrudishia mteja flashi bila kufuta mdudu, ataenda kuambukiza duka la jirani. Ila tangu nianze kufungulia flashi za watu Mint, sijampigia fundi simu hata mara moja. Msaidizi wangu amebandika karatasi pembeni ya skrini: KADI WINDOWS, FLASHI MINT.

Kwa nini sijaitupa Windows? Kadi. Miaka sita ya sampuli zangu iko kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, na Publisher haipo kwa Linux. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua mafaili yake, ila maua yanahamia kwenye jina la bibi harusi na mstari wa dhahabu unapotea. Nyaraka za kawaida inaziweza vizuri, lakini ripoti moja ya kurasa 64 ilifunguka ikiwa na 66, na orodha ya yaliyomo ikawa inaelekeza kurasa zisizo zenyewe. Tangu hapo kazi ya chuo inayokuja kwa Word naiprintia Windows, inayokuja kwa PDF naiprintia popote.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyonisumbua, na yote yanatokana na kuweka mifumo miwili nyumba moja. La kwanza, Mint ilikataa kuandika chochote kwenye eneo la Windows; inasoma tu. Kumbe Windows ukiizima haizimiki kabisa. Ina kipengele kinaitwa Fast Startup, kinachoiacha nusu usingizi ili kesho iwahi kuwaka, kama mpangaji aliyesema amehama lakini vyombo bado viko ndani. Mint inaona vyombo, inaogopa kugusa. Nilikizima kipengele hicho kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, mgogoro ukaisha.

La pili ni saa, na hili lilinitia aibu. Mhasibu wa shule fulani alinipigia: "Dada, invoisi yako inasema saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, na dereva wetu alifika kwako saa nne." Nikacheki, Windows iko nyuma saa tatu kamili. Sababu ni kwamba Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, halafu yenyewe inaongeza tatu za kwetu. Windows inaisoma ileile saa ya ndani ikiamini ndiyo saa ya Moshi. Ukiwa na intaneti inajirekebisha, lakini mimi asubuhi huwa siwashi bando. Sisi ambao tayari tunatafsiri 7:00 kuwa saa moja tulihitaji kweli hesabu nyingine? Dawa ni mstari mmoja kwenye dirisha la amri la Mint, timedatectl set-local-rtc 1, na tangu hapo zote mbili zinakubaliana.

Bando, kwa upande wangu, limepata nafuu. Mint inaniambia kuna apdeti, inasubiri nikubali, nami nazikubali usiku. Mashine inawaka haraka na feni imetulia. Toleo hili lina msaada hadi 2029, na T450 yangu sidhani kama itadai zaidi ya hapo.

Naipa nyota nne. Ya tano imezuiwa na skana. Printa yangu ni ya tatu-kwa-moja. Kwenye Mint inaprinti bila ubishi lakini skana haionekani kabisa, kwa hiyo mteja akileta cheti cha kuskani narudi Windows huku amesimama ananiangalia. Kama kuna mwenye steshenari aliyelipatia hili ufumbuzi, naomba anielekeze.