Gobore la gumegume au la fataki?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo hapa Nairobi swali hili huulizwa zaidi na wenye ndugu wanaowinda ng'ambo. Gobore ni bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu: la gumegume huwashwa na cheche za jiwe likigonga chuma, la fataki na kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa.

Kwa gharama, gumegume linashinda. Jiwe likiwa butu unalichonga tena, ilhali fataki hulipuka mara moja tu, na zikiadimika dukani bunduki hailii. Kwa kutegemewa, fataki iko mbele sana. Mvua ikinyesha, baruti ya kwenye kisahani cha gumegume, pale cheche zinapoangukia, hulowa. Hata kukiwa kukavu, kuna kuchelewa kidogo kati ya cheche na mlio, na mkono ukitikisika hapo mnyama anajeruhiwa bure. Hilo huniuma.

Matunzo hayatofautiani sana. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula chuma, basi osha mtutu kwa maji moto siku hiyohiyo, ukaushe kabisa, upake mafuta. Usiseme kesho.

Anayewinda Pennsylvania, jimbo la Marekani, katika msimu wa gumegume baada ya Krismasi, sheria imeshamchagulia. Penye mvua nyingi ningebeba fataki. Mwenye subira ya kujifunza kuchonga jiwe, gumegume litamfaa.