Dawa ya kutoa mpira wa zulia ulioganda kwenye sitaha ya boti: nunua inayochelewa kukauka

Nilinunua makopo manne ya kiyeyusho kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba dawa yenye harufu kali ndiyo yenye nguvu, na kwa siku mbili nzima niliamini kwamba kosa lilikuwa la mikono yangu. Zulia lenyewe liling'oka bila shida: nililishika pembeni, nikavuta, na nyuzi zote zikaja. Kilichobaki ni ule mpira mweusi wa upande wa chini, umeshikamana na gundi kama ulimbo, umejaa ndani ya kila kishimo cha michoro inayowekwa kwenye sitaha ili mtu asiteleze. Nilimimina dawa, nikangoja, nikasugua. Mpira ulilainika kweli ukawa tope jeusi, lakini kabla sijageuza kitambaa upande wa pili tope lile lilikuwa limekauka tena, jembamba kuliko mwanzo na limezama zaidi katika vishimo. Nilipomaliza kopo la pili, sehemu za sitaha zilizokuwa bado nyeupe nazo zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Makopo mawili yaliyobaki, ambayo hayakuwa yamefunguliwa, muuzaji alikataa kuyapokea.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia ukubwa wa kopo wala umaridadi wa chupa, kwa kuwa hayo kila mnunuzi huyaona mwenyewe. Nataka uangalie jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji na lebo nyingi hulipita kimya, nalo ni muda ambao dawa hukaa mbichi ikishapakwa.

Sababu yake iko kwenye mpira wenyewe. Mpira uliokwisha kukomazwa kiwandani hauyeyuki kama sukari kwenye maji. Hunyonya kiyeyusho polepole, huvimba, kisha huachia kile ulichokishika. Dawa inapaswa kupenya unene wote wa mpira hadi ifikie gundi iliyo chini yake, na safari hiyo huchukua muda. Dawa inayopaa hewani baada ya dakika mbili hulainisha ngozi ya juu tu na kuliacha shina lilivyo, na mtu anayesugua wakati huo huwa anausambaza uchafu badala ya kuutoa. Jua likiwa kali na upepo ukivuma, hali ambayo ndiyo ya kawaida juu ya boti, muda huo hupungua zaidi.

Kuna njia ya kulijua hili kabla ya kulipa. Kila dawa ya aina hii inayotengenezwa na kampuni inayojiheshimu huwa na waraka wa usalama, na sehemu ya 9 ya waraka huo huonyesha kiwango cha joto ambacho mvuke wa dawa unaweza kushika moto. Namba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kupima ukaukaji, lakini mambo haya mawili huenda pamoja, kwa sababu kitu kinachotoa mvuke kwa urahisi ndicho kinachowaka kwa urahisi. Asetoni hushika moto kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri, zailini, kiyeyusho kinachotumika kwenye rangi, kwenye nyuzi 27 hivi, na mafuta ya maganda ya machungwa kwenye nyuzi 48 hivi, ilhali dawa za mafuta ya soya huvuka nyuzi 100. Ukizipanga namba hizo, umekwisha kujua ipi itakukaukia mkononi na ipi itakungoja. Muuzaji asiyeweza kukupatia waraka huo, au anayekuuzia dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na maandishi, usimpe hela yako.

Nafasi ya kwanza naipa Blue Bear 500MR ya kampuni ya Franmar, ile iliyokuwa ikiuzwa zamani kwa jina la Bean-e-doo, na sifichi kwamba ninaipendelea. Imetengenezwa kwa soya, na iliundwa kwa ajili ya kutoa gundi nyeusi na gundi za zulia kwenye sakafu za saruji. Haina harufu ya kukufukuza. La muhimu zaidi ni kwamba hubaki mbichi kwa saa kadhaa, na ukiifunika kwa nailoni hata jua haliiwahi. Niliimwaga jioni juu ya eneo la ukubwa wa mkeka, nikaitandaza kwa brashi, nikaifunika kwa nailoni na kuikandamiza pembeni kwa mbao. Asubuhi nilipofunua, mpira ulikuwa umekunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, na skrepa ya plastiki ilipopita chini yake ulitoka kwa vipande vipana, gundi ikiwa imegandamana nao. Kwenye vishimo nilitumia brashi ya nailoni ngumu, na hapo nilipaka mara ya pili.

Ina kasoro moja, nayo lazima niiseme kwa sababu ndiyo inayoharibu kazi za watu baadaye: huacha utando wa mafuta. Sitaha iliyopakwa dawa hii huteleza hatari, na rangi au gundi mpya ikiwekwa juu ya utando huo haitashika. Kwa sababu hiyohiyo siipendekezi kwa sitaha ya mbao za tabaka iliyo wazi, kwani mafuta yakishanyonywa na mbao huwezi kuyatoa kwa kuosha. Jaribu pia kwanza mahali pasipoonekana, maana jelikoti, yaani lile tabaka gumu linalong'aa juu ya faiba, lina unene wa takriban nusu milimita tu, na halistahili kufanyiwa majaribio katikati ya sitaha.

Ya pili ni dawa ya 3M ya kusafishia gundi, General Purpose Adhesive Cleaner. Hii ina viyeyusho vya mafuta ya petroli, zailini ikiwa mmojawapo, kwa hiyo hukauka mapema kuliko soya lakini si kwa kasi ya asetoni, na uzuri wake ni kwamba haiachi utando mwingi. Mimi huitumia kwa madoa yaliyosalia baada ya soya, kwenye kingo, na kuzunguka vichwa vya skurubu. Nunua ya kumimina, usinunue ya kupuliza, kwa kuwa juu ya boti yenye upepo sehemu kubwa ya dawa ya kupuliza huishia hewani. Iweke hii, na asetoni vilevile, mbali na vioo vya plastiki vya madirisha, kwani viyeyusho vya namna hii huvitia ukungu na nyufa ambazo haziondoki.

Nafasi ya tatu ni dawa zilizotiwa mafuta ya machungwa zinazouzwa kwa majina mengi, Goo Gone ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Ni pole mno kwa mpira mnene. Zinafaa kwa gundi nyembamba ya stika, na mtu mwenye sitaha nzima ya kusafisha atachoka kabla hazijamfikisha mbali.

Asetoni, thina, mafuta ya taa na petroli ninaziweka chini kabisa, na petroli haistahili hata nafasi hiyo. Mvuke wa vitu hivi, hasa petroli, ni mzito kuliko hewa. Hushuka kupitia matundu ya sitaha, hutuama ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, na huko chini ndiko iliko pampu ya umeme inayojiwasha yenyewe. Cheche moja ndani ya mvuke huo hutosha kulipua boti. Asetoni ina kazi moja tu ninayoikubali, nayo ni kufuta mara ya mwisho kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo, hewa ikiwa inapita na betri zikiwa zimekatwa.

Hapa nina lalamiko ambalo siwezi kulimeza. Muuzaji aliyeniuzia makopo yale manne hakuniuliza sitaha yangu ni ya nini. Hakuuliza kama ni faiba, alumini au mbao, wala zulia lilikuwa na mpira wa namna gani, ingawa majibu hayo ndiyo yanayoamua kila kitu. Alichokuwa nacho rafuni ndicho alichokiita dawa ya gundi yoyote, na maneno hayohayo nimeyasikia baadaye kwa wauzaji wengine watatu kuhusu dawa tatu zisizofanana hata kidogo. Mmoja alinitolea kopo la zamani la dawa ya kutolea rangi yenye methilini kloridi, akilisifu kwamba hakuna kinachoishinda. Ni kweli hakuna, na jelikoti nayo haiishindi. Kiyeyusho hicho hugeuka kuwa monoksaidi ya kaboni ndani ya mwili wa anayekivuta, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida dawa za kutolea rangi zenye kiyeyusho hicho, baada ya vifo vya watumiaji. Anayemwuzia mtu kopo kama hilo akafanye nalo kazi kwenye kibanda cha boti kisicho na madirisha anamhatarishia uhai, na ninaona ni haki kulisema kwa sauti.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kwa faiba nunua skrepa ya plastiki, kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa makali yake huisha haraka. Kwa alumini skrepa ya chuma inafaa ikiwa umezipiga tupa pembe zake mbili zikawa duara, la sivyo zitachimba mifereji. Usitumie brashi ya waya wa chuma juu ya alumini, kwani punje za chuma hubaki zimejichomeka humo na baadaye huanzisha kutu ya vishimo; dawa zenye magadi makali nazo huila alumini. Mashine ya kupuliza hewa ya moto ndiyo ninayoipendekeza kwa mbao, ikifuatwa na skrepa na kisha msasa. Kwa faiba iache dukani, kwa sababu nyingi hufika nyuzi 500, joto ambalo jelikoti haiwezi kulistahimili bila kututumka. Msasa juu ya mpira ambao haujatolewa hujaa baada ya dakika moja na huyeyusha uchafu kwa joto la msuguano.

Kabla ya kuosha, ziba matundu yanayotolea maji nje ya boti na uzoe vipande vyote viingie kwenye debe, visiende majini. Kisha osha kwa sabuni ya kukata mafuta na maji ya uvuguvugu, suuza, na urudie tena yote hayo hata kama sitaha inaonekana safi. Sitaha ikikauka, mimina maji safi kidogo mahali ulipofanyia kazi na uyatazame kwa nusu dakika: yakitandaa kama karatasi, mafuta yameisha na unaweza kuweka rangi au gundi mpya, yakijikusanya kuwa matone, rudi kwenye ndoo ya sabuni.